Miwani ya Kuwaonea Sato wa Hombolo

Yotham alipooa mwanamke wa kisiwa cha Ukerewe, ndugu zake walishuka kutoka Kibakwe, wakacheza, wakala wali na nyama, na waliporudi kwao wakakaa kikao. Hawakuwa na neno baya juu ya Dorothea. Alikuwa mwalimu, mcha Mungu, msichana wa kupiga goti akisalimia wakubwa. Swali lao lilikuwa moja tu: huyu kijana wetu atakula nini? Maana Mgogo alipewa ng'ombe, mbuzi, uwele na mlenda, na akaona vinatosha. Samaki walimhesabu kuwa ndugu wa nyoka.

Kijana wao alikula samaki. Alikula mpaka akajifunza kutema miiba kwa upande mmoja wa mdomo huku anaendelea na mazungumzo. Mapenzi ni majani, huota popote, na haya yaliota Miyuji, pale Dodoma, kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye tangi la maji nje. Dorothea alifundisha shule ya msingi, na Yotham alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mmoja. Umtajie namba ya faili, naye anakwenda moja kwa moja kwenye rafu.

Lakini Dodoma ilimkausha Dorothea. Mtu aliyezaliwa akiamka na kuona maji pande zote, umlete kwenye nchi ambayo mvua ikinyesha mara mbili mfululizo watu wanaanza kusimuliana! Hakulalamika. Alikuwa tu anasimama uani nyakati za jioni, anatazama mashariki na magharibi, kisha anaingia ndani. Siku mwalimu mwenzake alipompeleka Hombolo akaliona bwawa, alikaa chini kwenye nyasi akalia. Jumamosi iliyofuata alikata mwanzi, akafunga mshipi na ndoana, akamwambia mumewe achimbe nyungunyungu nyuma ya bafu. Ikawa ndiyo Jumamosi yao, kwa miaka kumi na mitano.

Sasa hapa pana jambo ambalo Yotham hakumwambia mtu, wala mama yake mzazi. Alikuwa haoni mbali. Hakuona tangu utotoni. Na mtoto wa wafugaji asiyeona mbali ni mzigo, afadhali hata kiwete, maana kiwete anaweza kuketi juu ya jiwe akahesabu ng'ombe. Baba yake alikuwa akinyoosha fimbo kuelekea kilimani, "Unamwona yule mwekundu mwenye baka?" Yotham alijibu, "Namwona, baba." Alikuwa haoni ng'ombe, haoni baka, kilima chenyewe alikibahatisha. Ila aliwajua ng'ombe kwa kengele, kwa mwendo, kwa namna ya kukohoa. Akakua hivyohivyo, hakugundulika. Masjala ilimfaa kwa sababu kila kitu kilikuwa urefu wa mkono.

Kwa hiyo pale Hombolo, Dorothea alipokuwa akimnong'oneza, "Baba Erica, unamwona yule sato? Pale, kushoto kwa lile jiwe, amelala kwenye bakuli lake," mwili wa Yotham ulijibu wenyewe kabla hajafikiri.

"Nimemwona."

"Mkubwa, eh?"

"Mkubwa kweli."

Watu wa Hombolo wanamwita perege. Dorothea alimwita sato kama kwao, na hakuna aliyeweza kumbadilisha. Alimweleza mumewe kwamba dume huchimba kijishimo cha mviringo kwenye tope la pembeni, akakisafisha kwa mkia na kukilinda kama bwana harusi anayelinda nyumba mpya. Yotham aliitikia. Alichokiona ni kitu kimoja tu, mwanga: maji yote yaling'aa kama bati jipya saa saba mchana. Hata boya la mshipi wake alilijua kwa mkono, likivutwa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Yotham ilikwenda miaka kumi na mitano, na haikuonyesha dalili ya kufika mwisho.

Mwaka jana, mwezi wa pili, Dorothea aliinuka asubuhi kuchemsha chai, akaanguka. Kiharusi. Siku ya tatu alikuwa marehemu.

Watu walijaa. Turubai lilifungwa, masufuria yalikopwa, kwaya ya mtaa iliimba. Ndugu wa Kibakwe walikuja wote, na waliolia zaidi ni walewale waliokaa kikao. Baada ya wiki tatu viti vilirudishwa, na Erica, binti yao wa pekee, alirudi Mwanza kazini, akiahidi kupiga simu kila jioni. Alipiga kila jioni, kisha kila Jumapili. Si kosa lake. Ana watoto wawili na bosi mmoja mkali. Yotham alibaki na vyumba vitatu. Redio aliiacha iongee kutwa nzima, si kwamba anasikiliza, bali ili asisikie anavyotafuna. Aliendelea kupika ugali wa watu wawili, maana hakujua kipimo cha mtu mmoja, na kila asubuhi kuku walishukuru.

Upweke una tabia ya kuchagua kitu kimoja na kukung'ang'ania nacho. Yotham hakung'ang'aniwa na kitanda wala na nguo za marehemu. Aling'ang'aniwa na sato. Alikaa karibu na mtu kwa miaka kumi na mitano, bega kwa bega, na hakuwahi kukiona hata siku moja kitu kilichomfurahisha. Dorothea amekufa akiamini walikuwa wakitazama pamoja. Kumbe alikuwa anatazama peke yake. Wazo hili lilimuuma kuliko msiba wenyewe, na akajiapia kwamba lazima awaone hao samaki, pale pale alipoonyeshwa, kabla na yeye hajaondoka. Akiwaona, alijiambia, ule uongo utakuwa kama deni lililolipwa, na labda atalala.

Alianza vibaya, kama wengi wetu. Alinunua miwani nyeusi kwa machinga pale sokoni, akaenda nayo bwawani. Miwani ile ilimletea magharibi saa nne asubuhi. Ukungu ulikuwa uleule, sasa mweusi. Akarudi nyumbani akaitundika kwenye msumari.

Ndipo mwezi wa saba, baada ya kuzunguka mlangoni mara mbili kama mtu anayekuja kuposa, aliingia kwenye duka la miwani kule Uhindini. Alikuwemo binti wa hijabu ya kijani, mtaalamu wa macho, jina lake Ikram.

"Shikamoo baba. Karibu, kaa hapa."

"Marahaba. Nataka miwani ya kuvulia samaki."

Ikram hakucheka. Hilo peke yake lilimpa Yotham moyo. "Ya kuvulia," alirudia. "Unavulia wapi?"

"Hombolo. Nataka kuona ndani ya maji. Siyo juu. Ndani."

"Sawa. Basi unahitaji lenzi za polaraizi. Jua likipiga maji, mwanga unaruka unakuja machoni kwako. Hizi zinaukata ule mwanga, ndiyo unaona kilichopo chini. Miwani nyeusi ya kawaida inatia giza tu."

"Hiyo naijua," alisema Yotham.

Ikram alitoa kikadi kidogo cha kijivu kwenye droo, akamwinulia. "Tazama hapa. Unaona kitu?"

"Naona," alijibu Yotham.

Ikram aliteremsha kikadi. Alikuwa na adabu, hata sauti hakuipandisha. "Baba, hapa bila miwani hakuna mtu anayeona kitu. Hata mimi sioni." Akamvika miwani ya majaribio, akakiinua tena. Katikati ya ule ukijivu akajitokeza samaki, ana jicho, ana mapezi, ana mkia.

Yotham aliona aibu ya mtu wa miaka sitini na sita aliyekamatwa na sukari mdomoni. Alitaka kuinuka aende zake. Lakini yule samaki alikuwepo kweli, na alipoivua miwani akatoweka, na alipoirudisha akarudi. Akaivua na kuirudisha mara nne.

"Sasa tupime macho yenyewe," alisema Ikram. "Lenzi ya kukata mwanga peke yake haitoshi kama mbali huoni. Lazima niweke na nguvu yako humohumo. Soma ule mstari wa kati."

Yotham alisoma. Alisoma vizuri sana, kwa sauti ya mzee wa kanisa anayesoma somo la kwanza, herufi baada ya herufi. Ikram alisubiri mpaka akamaliza.

"Baba, nakuomba kitu. Usibahatishe. Ukibahatisha, nitatengeneza miwani ya mtu mwingine. Kama huoni, sema huoni."

Nje kuna mtu alikuwa anauza karanga, anagonga kopo. Yotham alitazama ule ukuta ambao wengine wanasema una herufi.

"Sioni," alisema.

"Na huu wa juu?"

"Sioni."

"Na ile kubwa kabisa?"

"Binti yangu, hata hiyo sijaiona. Sijawahi kuona mbali tangu nizaliwe. Mke wangu amekufa hajui." Akashangaa mwenyewe kwamba machozi yanatoka. Maneno ambayo hakuwaambia baba, mama, mke, mchungaji, ameyamwaga kwa mtu asiyejua hata ukoo wake. Ikram alimpa tishu, akasubiri, kisha akaanza kubadilisha vioo kimoja kimoja, na kila kimoja akiuliza: hiki au hiki? Yotham, kwa mara ya kwanza, alijibu kweli. Kioo cha saba kilipoingia, aliona kwamba ukutani kulikuwa na saa, na kwenye saa kulikuwa na mshale mwembamba unaokimbia.

Kuchagua kulichukua muda mrefu kuliko kupima. Yotham alipenda fremu moja iliyokumbatia uso, kama za waendesha baiskeli za mashindano. Ikram alimkatalia kwa upole: nguvu yake ni kubwa, fremu iliyopinda itapindisha na anachokiona, atamkuta samaki mahali ambapo hayupo. Achukue ya kawaida, ila pana, yenye mikono minene ya kuziba jua la pembeni. Kuhusu rangi ya kioo, kijivu kingemfaa kwenye maji marefu na jua kali. Kwa maji ya pembeni, yenye tope, kahawia kinatenganisha vitu vizuri zaidi.

"Samaki wako wanakaa wapi?"

"Pembeni. Kwenye tope. Wanachimba mabakuli."

"Basi kahawia. Na ukitaka kufunga ndoana, ipandishe kwenye paji la uso. Kwa karibu unaona vizuri bila kitu, macho ya namna yako ndivyo yalivyo."

Akamvika fremu tatu, moja baada ya nyingine, akamshikia kioo. Ya kwanza ilimfanya aonekane mlinzi wa mbunge. Ya pili alionekana mgonjwa. Ya tatu hakujua.

"Hii inanikaa?"

Ikram aliinamisha kichwa upande. "Inakaa vizuri puani. Lakini mambo ya kupendeza, baba, ungekuja na mtu wako wa kukuangalia. Sisi wauzaji tunasifia zote."

Alikuwa anatania. Yotham alicheka kidogo, kisha akabaki anajitazama kwenye kioo. Mtu wake wa kumwangalia. Alijipiga picha kwa simu, akamtumia Erica. Dakika kumi baadaye kilirudi kidole gumba cha njano. Akachukua fremu hiyo ya tatu, na kamba ya kuivalia shingoni isije ikazama.

Lenzi ziliagizwa Dar es Salaam, zikachukua wiki mbili. Alipoivaa miwani na kutoka nje ya duka, ilibidi ashike nguzo. Majani ya mti yalikuwa moja moja. Milima ile ya mawe kule ng'ambo, aliyoijua kama madoa, ilikuwa na mawe. Watu walikuwa na nyuso tangu mbali, kabla hawajasalimia. Mwenye macho haambiwi tazama. Yotham alitazama mpaka mwenye duka la jirani akamuuliza kama amepotea.

Jumamosi alipanda basi la asubuhi kwenda Hombolo, na mwanzi wa Dorothea umefungwa dirishani. Ilikuwa kiangazi, maji yametulia, tope limezama, pembezoni mwa bwawa mtu angeweza kuhesabu kokoto. Alikwenda hadi kwenye jiwe lao. Alikaa upande wake, akaacha ule mwingine wazi. Hakufunga chambo. Alivaa miwani, akavuta pumzi, akatazama.

Bati halikuwepo. Mahali pa bati palikuwa na chumba, chenye sakafu. Sakafuni palikuwa na mabakuli, mviringo safi kama yaliyofinyangwa, matano, sita, tisa, na juu ya kila moja samaki mweusi mwenye ukingo mwekundu kwenye mapezi, akisimama palepale, akitingisha mkia, akimkimbilia jirani aliyesogea na kurudi haraka. Ndivyo hasa alivyoambiwa. Kushoto kwa jiwe alikuwepo mmoja mkubwa kuliko wote. Yotham alijikuta amesimama. "Mama Erica," alisema kwa sauti, "nimemwona! Wallahi nimemwona!" Yeye Mkristo wa miaka yote, ameapa kwa wallahi, na wala hakujali.

"Baba Erica! Umerudi!"

Alikuwa Mwajabu, mama anayekaanga samaki kwenye kibanda cha mabati pale ufukweni. Dorothea alikuwa akimuuzia samaki waliozidi, na wakati mwingine wakikaa kuongea mpaka mafuta yanaungua. Alikuja akijifuta mikono kwenye khanga, akampa pole upya, akaisifia miwani, akaketi kwenye nyasi. Hakukalia ule upande ulio wazi, na Yotham alimshukuru kimoyomoyo.

Na kwa kuwa alishaanza kuzoea kusema kweli, alimwambia yote. Kwamba alikuwa haoni. Kwamba kila siku alisema ameona. Kwamba leo ndiyo mara ya kwanza, na kwamba kinachomuuma ni kuwa marehemu alitazama peke yake kwa miaka kumi na mitano, akidhani wako wawili.

Mwajabu aliweka mkono mdomoni. Yotham alidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Unisamehe, Baba Erica. Sikucheki wewe. Ila mama alikuwa anajua."

"Anajua nini?"

"Kwamba huoni. Alijua tangu mwanzo! Alikuwa akija pale kwangu ananiambia, Mwajabu, leo namwonyesha mwenye madoa. Anarudi hapa, ananyoosha kidole. Na kule anakoonyesha hakuna kitu, Baba Erica. Maji matupu. Mwezi wa nne, maji yamechafuka kama chai ya maziwa, hata mimi niliyezaliwa hapa sioni kidole changu, yeye anakuonyesha sato. Na wewe unasema mkubwa kweli." Akacheka tena, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Nilimuuliza, mbona humwambii akapime macho? Akasema, nitamwambia, lakini siyo Jumamosi hii, acha kwanza. Kila mara anasema siyo Jumamosi hii. Alikuwa anapenda unavyokaza macho. Unakunja uso hivi, unatoa mdomo, unatingisha kichwa kama daktari. Wala hakuwa anaangalia maji. Akishanyoosha kidole, alikuwa anakuangalia wewe."

Yotham alicheka pia, maana lilikuwa jambo la kuchekesha, na mtu akiumbuliwa mbele ya mama muuza samaki hana njia nyingine ya heshima. Walicheka wote wawili. Kisha kibandani mafuta yakaanza kutoa moshi, Mwajabu akainuka mbio, akiahidi kumletea kipande cha moto.

Alibaki. Kwanza ilimjia aibu, ikapita. Kisha hasira kidogo, ya mtu aliyefanywa mchezo, nayo ikapita. Kilichokuja baadaye hakikupita. Alikuwa ameyakodolea maji yale Jumamosi zote hizo, akihangaika kuona alichokiona mkewe, na alichokiona mkewe kilikuwa hiki kichwa chake cha Kigogo, na uso wake uliokunjamana kwa uongo. Angegeuka mara moja tu, upande wa kulia, urefu wa mkono, mahali ambapo macho yake hayakuhitaji miwani ya mtu yeyote, angemwona anavyomtazama. Hakugeuka hata mara moja. Alikuwa anaogopa kugundulika.

Aligeuka sasa. Palikuwa na nyasi, na njia ya sisimizi.

Akayarudia maji. Sato walikuwepo wote tisa, wazi kabisa, kila mmoja juu ya bakuli lake. Yotham aliwatazama mmoja mmoja mpaka jua likaegemea, na uso wake haukukunjamana tena, maana alikuwa anaona, na hapakuwa na mtu wa kumwangalia.